Sehemu ya 6: Lee na mbwa wake

Leo ni zamu ya Rin Tin Tin, yule mbwa wa filamu za Marekani miaka ya 1920.

Mwenye mbwa, Lee Duncan, alipokuwa mdogo mama yake alimwacha kwenye kituo cha yatima huko California. Mama hakuwa na uwezo. Alikuja kumchukua, lakini miaka ilishapita.

Septemba 1918, Lee akiwa mwanajeshi Ufaransa, aliokota watoto wa mbwa kwenye banda lililopigwa mabomu. Akabaki na wawili, akawaita Nénette na Rintintin, majina ya vidoli vya uzi walivyobeba askari kama hirizi. Nénette akafa. Huyu mwingine akawa staa, na Lee hakuachana naye. Mke wake alipodai talaka alisema mume hajali kitu ila mbwa tu!

Nilicheka. Halafu nikamkumbuka mtoto mmoja wodini, aliyelala siku tatu kakumbatia kanga ya mama yake aliyerudi nyumbani kwa wadogo zake. Mimi ndiye niliyeichukua usiku ikafuliwe. Kilio kile, jamani! Nikaenda kuianua mbichi, nikampa hivyo hivyo.