Ribiti Saba

Sisi tunaosoma chini ya milima ya Ruwenzori tunaijua theluji kwa macho tu. Asubuhi mawingu yakifunguka twaiona huko juu inang'aa. Mawingu yakifunga, tunaisahau na kwenda zetu darasani. Mimi nami nilikuwa vivyo hivyo mpaka likizo ndefu ya mwisho wa mwaka 2022, mjomba wangu aliponitumia tiketi ya ndege nikamtembelee Marekani. Huko niliikanyaga theluji, nikaionja, nikaanguka juu yake mara nyingi. Lakini sikukusudia kuwaeleza habari za theluji. Nataka kuwasimulia habari ya ribiti saba, nayo si habari ya kujisifu.

Mjomba alizaliwa Bunia, katika Kongo, na kazi yake tangu ujana ni ufundi wa bati. Vita vilipomtoa kwao alikaa miaka mingi katika makazi ya wakimbizi ya Kyangwali, hapa Uganda, kisha akapata nafasi ya kuhamia jimbo la Idaho. Alifikia Boise, mji mkuu wa jimbo hilo, ambako wapo Wakongo wengi na Kiswahili si kigeni. Baadaye alisogea kaskazini kilomita kama 170 mpaka McCall, mji mdogo ulio kando ya ziwa Payette, akapanga nyumba yenye gereji nyuma yake. McCall iko mita 1,500 hivi juu ya usawa wa bahari, karibu sawa na Fort Portal. Lakini Fort Portal ni nchi ya migomba, na McCall wakati wa baridi theluji hurundikana mpaka madirishani.

Katika gereji ile ndipo nilipoiona mara ya kwanza pikipiki ya theluji. Haina magurudumu. Mbele ina ski mbili za kuongozea, na nyuma ina mkanda mpana wa mpira unaozungushwa na injini. Ile ya milimani mkanda wake ni mrefu zaidi, na meno yake yana urefu wa sentimita 6 au 7 ili yachote theluji laini. Mashine nzima ina uzito wa zaidi ya kilo 200. Kila ubavu una kikanyagio, yaani bati refu la aluminiamu la kuwekea mguu, lililotobolewa matundu mengi yenye kingo kali. Theluji hudondoka kwa kupitia matundu hayo, na zile kingo hushika soli ya kiatu.

Nilidhani kikanyagio ni kitu kidogo, kama kile cha abiria wa bodaboda. Mjomba akacheka. "Mpwa wangu," akasema, "mwendesha bodaboda hukaa. Huyu wa milimani husimama." Akanieleza ya kuwa mashine hiyo haiongozwi kwa mikono peke yake. Mtu akitaka kukata mteremko, husimama na kutia uzito wake wote juu ya kikanyagio cha upande wa mlima. Mashine hulala upande, ikapita pasipo kuporomoka. Kikanyagio kikivunjika wakati huo, mguu hutumbukia, mtu huanguka kuelekea bondeni, na mashine huweza kumfuata.

Jioni moja alinisimulia habari za Joseph-Armand Bombardier, fundi wa Quebec katika Kanada. Mwaka 1934 mwanawe mdogo aliugua katikati ya majira ya baridi. Njia zote zilikuwa zimezibwa na theluji, wasiweze kumfikisha hospitali, na mtoto akafa. Baba hakuacha kutafuta chombo cha kupita juu ya theluji. Mwaka 1937 alipata hati ya uvumbuzi wake, na mwaka 1959 kampuni yake ikatoa Ski-Doo, mashine ndogo ambayo hizi za leo zimefuata mfano wake. "Chombo hiki kina msiba ndani yake," akasema mjomba. "Ndiyo sababu sikifanyii mchezo."

Basi, katikati ya Januari bwana mmoja alileta mashine yake. Kikanyagio cha kushoto kilikuwa kimegonga kisiki kilichofichwa na theluji. Ukingo umekunjika kwenda juu, na ufa umeanzia kwenye tundu moja, urefu wake kama kidole. Cha kulia kilikuwa kizima, ila kilibonyea ukikikanyaga mkiani. Yule bwana hakutaka kununua vipya, maana ni ghali. Aliomba cha kushoto kitiwe kiraka, na vyote viwili viimarishwe. Mwendeshaji alikuwa binti yake, msichana wa umri wangu, na siku ya Jumamosi walitaka kwenda mlimani.

Tuliiacha mashine gerejini usiku kucha ili barafu iyeyuke. Kesho yake mjomba alikiosha kikanyagio, akakipapasa chote kwa vidole akitafuta nyufa nyingine. Aliweka gogo chini yake, akaugonga ukingo kwa nyundo ya mpira polepole, upande mmoja tu, kwa sababu bati linalokunjwa na kukunjuliwa huchoka likakatika kama waya. Kisha akatoboa tundu dogo mwisho kabisa wa ufa. "Ufa ni kama mto," akasema. "Ukiuchimbia shimo mbele yake, hutulia humo."

Nikauliza, "Mjomba, kwa nini tusichomelee?"

"Moto hulainisha aluminiamu ya namna hii," akajibu. "Ukichomelea bati jembamba, ufa wa kesho utatokea kando ya pale ulipochomelea. Tutatumia ribiti."

Alikata vipande virefu vya aluminiamu vyenye umbo la pembe, vya kupita chini ya ukingo wa kila kikanyagio toka mbele hata mkiani. Hakutumia chuma, kwa kuwa mashine ikiwa nzito huzama katika theluji laini. Tena alinionya juu ya keekee. Katika mashine ile, ndani ya ubavu, karibu sana na kikanyagio, mlikuwa na mfereji wa maji ya kupozea injini, na theluji inayorushwa na mkanda ndiyo huyapoza maji hayo. Ukitoboa kupita kiasi, umetoboa mfereji. Kwa hiyo aliizungushia keekee utepe mwekundu, akasema, "Utepe ukigusa bati, simama hapo hapo."

Neno la mwisho lilikuwa juu ya ribiti zenyewe. Hutiwa kutoka juu. Ukivuta msumari wake kwa koleo, mkia wa ribiti huvimba upande wa chini na kuyabana mabati. Mahali penye mabati mawili, ribiti fupi zatosha. Lakini mkiani mwa vikanyagio vile mabati yalikuwa matatu, na hapo sharti ribiti ndefu. Fupi mkia wake huvimbia ndani ya tundu, haushiki kitu. Ukitazama juu, vichwa ni sawa, huwezi kuzitambua.

Siku ya Ijumaa alasiri tulikuwa tumemaliza upande wa kushoto, na mjomba akaniachia wa kulia. Nilifanya kazi vizuri, nikijiona fundi mkubwa. Mara mjomba akaitwa kwenye simu ndani ya nyumba, na mara ribiti ndefu zikaniishia. Matundu saba yakabaki. Kopo jingine lilikuwa stoo, ng'ambo ya ua, na nje theluji ilikuwa ikianguka. Viatu vyangu vilikuwa vimelowa. Tena nilitaka mjomba akirudi akute nimemaliza. Nikachukua fupi. Kila moja ililia "ta!" kama wenzake, na vichwa saba vikakaa katika mstari, vizuri kabisa.

Mjomba aliporudi alipitisha kidole juu ya vile vichwa. Hakuinama kutazama chini. "Una mkono wa fundi," akasema. Magharibi yule bwana akaja na binti yake kuitazama kazi. Msichana akanipa mkono, akasema asante. Baada ya chakula mjomba akampigia simu mama yangu. Kwetu Uganda ilikuwa ndiyo kwanza kunakucha. Akamwambia, "Dada, mwanao amekuwa fundi!" Nikamsikia mama anapiga vigelegele. Lo! Vigelegele vile viliniingia kama sindano.

Usiku usingizi haukuja. Nilijiambia kwamba ribiti saba kati ya hamsini na zaidi si kitu. Kisha nikaukumbuka mkono wa yule msichana, nikakumbuka pia ya kuwa zile saba zote zilikuwa mahali pamoja, pale pale mtu anapoegemea mguu akipanda. Saa saba za usiku nikaenda kubisha mlango wa mjomba.

"Mjomba, kikanyagio cha kulia hakishiki. Nimetia fupi mkiani."

"Ngapi?"

"Saba."

Hakusema zaidi. Akavaa koti, tukavuka ua katika theluji mpaka gerejini, akawasha taa. "Panda," akasema. "Simama mkiani. Ruka." Niliruka mara ya kwanza, hapana kitu. Mara ya pili, hapana kitu. Mara ya tatu bati likalia, nikatazama chini, nikaona mwanya umefunguka kati ya bati na mhimili wake, upana wa kutosha kupitisha ukucha. Mimi si mzito, nami nilikuwa nimeruka mara tatu tu.

Tukazing'oa zote saba kwa keekee. Matundu mawili yalipanuka, ikabidi kutia humo ribiti nene zaidi. Mjomba alinishikia taa, kazi akaniachia mwenyewe. Ilipotimu saa kumi tulikuwa tumemaliza. Nikaruka tena, si mara tatu, ila mpaka nikachoka. Bati halikulia.

Asubuhi yule bwana alipokuja, mjomba akaniambia, "Sema mwenyewe." Nikasema, kwa Kiingereza changu cha kukwama. Bwana akanitazama kitambo, kisha akalala chali juu ya sakafu ya gereji na tochi yake, akakagua mkia wa kila ribiti, kushoto na kulia. Mjomba alikataa malipo ya upande wa kulia. Yule bwana akafikiri, akasema, "Njooni nanyi mlimani, mwone."

Wakati tunapakia mashine, mjomba aliniita kando. Hakuwa na hasira. Alisema, "Umefanya vema kuniamsha. Lakini tangu leo nitatazama chini, hata kama kazi ni ya mtu nimpendaye." Neno hilo liliniuma kuliko fimbo, maana nilijua ya kuwa ni haki.

Mlimani tulisimama bondeni karibu na barabara. Msichana alivaa kofia ngumu na kifaa cha kutoa ishara ili watu wampate akifunikwa na poromoko la theluji, na mgongoni alikuwa na sepetu. Akapanda, akageuka, akaanza kuukata mteremko, na mlima ulikuwa upande wake wa kulia. Mashine ikalala. Mguu wake wa kushoto ulining'inia hewani, na uzito wake wote ulikuwa juu ya mkia wa kikanyagio cha kulia. Nikajikuta nahesabu: moja, mbili, tatu, mpaka saba. Akapita. Akatupungia mkono kutoka upande wa pili.

Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Maradhi yangu nusura yamuumbue mtoto wa mtu mwingine. Wanafunzi wenzangu, kazi nyingi tunazofanya hutazamwa vichwa tu, mikia haionekani: jibu ulilolipata kwa kuchungulia, sakafu uliyoifagia ukaacha taka chini ya kitanda. Mkaguzi hupita, husifu, huenda zake. Aliyefanya ndiye ajuaye.

Tulipofungua shule mwezi wa Februari, mwalimu wa useremala alinipa benchi bovu nilitengeneze. Nilipomaliza nikampelekea limepinduliwa, miguu juu. Akauliza, "Kwa nini waniletea hivi?" Nikamjibu, "Mwalimu, tafadhali anza kutazama chini."

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu