Ulipokuwa Mzima Ulikuwa Unafanya Nini?



Ndugu yangu, leo sikuletei darsa. Wengi mmeniuliza mbona sauti za baada ya Alfajiri zimekatika, basi nakujibu.

Wanaonijua zamani wanajua nilikuwa mtunza stoo Kariakoo, duka la vifaa vya ujenzi. Miaka kumi na moja nahesabu mabati na misumari. Ilikuwa riziki ya halali, alhamdulillah, sina la kuilaumu. Lakini jioni nilikuwa napita madrasa ya mtaani kumsaidia maalim mmoja mzee kusomesha watoto alifu na bee, na ile saa moja ndiyo niliyokuwa naingoja tangu asubuhi. Mzee alipofariki, wazazi wakanijia. Posho yake haikufika hata nusu ya mshahara wangu. Mke wangu akasema, "Baba watoto, nenda. Tutakula tutakachopata."

Nikaenda. Wewe unayelala unajiuliza kazi yako ya kweli ni ipi, nakuelewa, maana nilichelewa kuipata yangu. Mtoto aliyekuja hajui herufi, baada ya miezi unamsikia anasoma Juzuu Amma, mwili unakusisimka.

Mwaka wa nne miguu ikaanza kuvimba. Nikasema ni kusimama sana. Kichwa kikiuma nameza dawa, nasonga mbele. Kumbe presha ilikuwa juu kwa miaka na sijawahi kuipima. Presha haina kelele, ndugu yangu. Inakula figo taratibu, na figo nazo hazisemi mpaka zimebaki kidogo sana. Majibu yalipotoka, daktari akasema: mashine ya kusafisha damu, mara 3 kwa wiki, kama saa 4 kila mara. Na maji ya kunywa kwa kipimo. Joto la Dar mwezi wa Februari unalijua, halafu unahesabu vikombe.

Wageni wakaja kunifariji, na kila mmoja ananisimulia subira ya Nabii Ayyub, alayhi salaam. Kisa hicho nimekisomesha mara nyingi mno, nimesimama, nusu saa tu kimekwisha. Kukisikiliza umelala ni jambo jingine.

Swali lililonitesa halikuwa "kwa nini mimi". Lilikuwa "kwa nini sasa". Nilimwambia Mola wangu usiku: ungenipa haya nilipokuwa nahesabu misumari, umengoja mpaka nimeanza kuitumikia dini yako? Naona haya kukuandikia, lakini niliyasema. Astaghfirullah.

Kisha wakamweka kijana kunishikia madrasa. Mwezi wa pili mwanangu akarudi nyumbani akasema, "Baba, ustadh mpya anatufundisha vizuri, tumeshamaliza Suratul Mulk." Nikaumia. Si figo, ni moyo. Watoto wanasoma Qur'ani vizuri na mimi nimenuna! Hapo ndipo nilipoanza kujiuliza: nilikuwa nataka Qur'ani isomwe, au nilikuwa nataka isomwe kwangu?

Ipo hadithi katika Bukhari, imepokewa na Abu Musa al-Ash'ari, radhiyallahu anhu, kwamba mja akiugua au akisafiri huandikiwa mfano wa amali alizokuwa akizifanya akiwa mzima na yupo kwake. Nilikuwa naitoa kuwafariji wagonjwa. Nilipougua mwenyewe ikanitia hofu kwanza, kisha ikanifariji. Maana kinachoandikwa ni kile ulichokuwa unakifanya. Zile siku nilizofika madrasa nimechelewa, nikawapa watoto wajisomee huku nachezea simu, nazo niliandikiwa mfano wake? Allah anisamehe.

Ramadhani ikaingia. Daktari wangu, naye Muislamu, akasema nisifunge, na hakuna matarajio ya kuja kulipa. Kwetu sisi wa madhehebu ya Shafi, mgonjwa wa namna hii anatoa fidia, kibaba kimoja cha chakula kwa kila siku. Nikampimia mjane jirani vibaba 30 vya mchele. Usimwonee aibu Mola wako kwa ruhusa aliyokupa mwenyewe. Nimewaona wenzangu pale kwenye mashine wanafunga kwa siri, wanaanguka.

Sasa hivi yule kijana ananipigia simu saa za mashine. Anamweka mtoto asome, mimi nasikiliza kwa sikio moja, mkono wenye sindano umetulia. Jumatatu mmoja alisoma "qaf" kama "kaf" mara tatu. Nikamrudisha mara tatu. Nesi akasimama na trei yake mpaka mtoto akapatia.

Kesho nina zamu tena, saa 12 asubuhi. Niombee dua. Na leo hii pita kwenye zahanati iliyo karibu nawe, uwaambie wakupime presha.