Kichezeo cha ndugu yangu mdogo

Watoto wapenzi, nataka kuwaambia jambo lililonipata nilipokuwa na miaka 10. Tulikaa Goma. Ndugu yangu mdogo alikuwa na miezi 9 na meno mawili tu.

Siku moja baba alinipa feza, akasema: « Nenda sokoni, umnunulie ndugu yako kitu cha kuchezea. » Nikaenda mbio. Niliona mipira, wanasesere na ngoma ndogo. Halafu nikaona motokari nyekundu ya plastiki. Magurudumu yake yalizunguka vizuri sana. Nikainunua pasipo kufikiri zaidi.

Jioni mama alikuwa akisonga ugali. Mtoto aliketi juu ya mkeka pamoja na motokari yake. Nami nilikuwa karibu, nikiandika masomo yangu. Mara kukawa kimya. Nikageuka. Mtoto alikuwa amefungua kinywa, lakini hakulia wala hakukohoa. Uso wake ulibadilika rangi. Gurudumu moja la motokari halikuonekana.

Nikapiga kelele. Mama akaja mbio. Akamlaza mtoto kifudifudi juu ya mkono wake, kichwa kikiwa chini kuliko kifua. Akampiga mgongoni kwa kiganja, katikati ya mabega: mara moja, mara mbili, mara tatu. Mara ya nne gurudumu likaanguka juu ya mkeka. Mtoto akalia kwa nguvu. Sijasikia tena kilio kilichonifurahisha kama kile. Mama alifundishwa kazi hiyo na muuguzi, pale wanapopima watoto wachanga.

Usiku baba hakunigombeza. Aliniuliza tu: « Motokari ile, uliichagua kwa ajili ya nani? » Nikanyamaza. Kweli, ni mimi niliyeitamani.

Kesho yake baba mkubwa alitutembelea. Yeye huchonga chukudu, vile vigari vya mti vinavyobeba viazi na makaa katika mji wetu. Akachukua kipande cha mti kilichobaki, akachonga ng'ombe mnene, mwenye miguu mifupi. Hakumtia misumari wala rangi. Akamsugua kwa msasa mpaka akawa laini. Kisha akaniambia: « Mpime wewe. Vuta miguu. Pitisha kidole pote. » Nikavuta, hakuna kilichotoka. Nikapitisha kidole, hakuna kilichochoma. Mtoto akamtafuna yule ng'ombe, akamgonga juu ya sahani, akacheka.

Watoto, mdogo asiyetimiza miaka 3 hujaribu kila kitu kwa kinywa. Msimpe shanga, vifungo wala mbegu za maharagwe. Betri ndogo za saa ni hatari zaidi, maana huunguza koo. Motokari yenu ya waya inawafaa ninyi, lakini ncha zake zaweza kumchoma jicho. Si lazima kununua: sufuria ndogo na mwiko vyatosha kumfurahisha.

Yule ng'ombe yuko kwetu mpaka leo, na alama za meno mawili mgongoni. Kila nikimwona, nakumbuka ulizo la baba. Nanyi mkitaka kumpa mdogo wenu kichezeo, jiulizeni kwanza: « Nakichagua kwa ajili ya nani? »