Maji ya Ndege Wakati wa Kiangazi

Huko Ulaya theluji ikifunika nchi, watu hutundika mbegu na mafuta mitini ili ndege wa bustani wasife kwa njaa. Huwatengenezea pia visanduku vya mbao, wapate pa kulala na pa kutagia mayai. Sisi wa Kirungu theluji hatuijui. Lakini mwezi wa sita na wa saba upepo wa baridi hushuka kutoka milima ya Marungu, majani yamekauka, na ndege wetu huteswa zaidi na kiu.

Basi, tumeweka sahani ya udongo chini ya mwembe, nayo twaijaza maji kila asubuhi. Kina kisizidi vidole viwili, maana ndege mdogo huzama upesi. Tena jiwe likae katikati, apate pa kusimama. Tetere hutangulia, wawili wawili. Kisha huja shomoro na kelele zao, na wale wadogo wa rangi ya samawati waokotao mbegu uani. Watoto wa mafundisho wamezoea kutazama bila kutupa jiwe, nalo si jambo dogo: manati kwetu ni kama kalamu, kila mtoto anayo. Chungu kilichotoboka tumekitundika chini ya paa, na shomoro wamekijaza manyoya ya kuku.

Chozi, mwenye mdomo mwembamba uliopinda, hataki mbegu. Hunyonya utamu wa maua na kula wadudu, kwa hiyo twamwona kwenye ua la mgomba. Lakini yuko chozi mwingine asiyeonekana po pote duniani ila katika milima hiyo ya Marungu. Mwaka 1958 mtaalamu Macdonald alimwandika kwa jina la Prigogine. Dume lina shingo ya kijani ing'aayo na mkanda mwekundu kifuani. Huyu sahani yetu haimfai kitu. Hukaa katika misitu ya kando ya vijito, nayo inakatwa, na ng'ombe wanakanyaga kingo hata udongo unaporomoka. Wataalamu wamekwisha kumhesabu kati ya ndege walio katika hatari ya kutoweka.

Ndugu zetu wenye mashamba huko juu, tunawaomba waiache miti iliyo ukingoni. Kivuli chake hulinda kijito, na mwezi wa nane maji hayo huchotwa na mama zao pia.