Upepo wa Mikumi na Upepo wa Kilosa

Mikumi imejipanga kandokando ya barabara kuu iendayo Zambia, na mafundi tairi wake wamezoea malori ya Tunduma. Kompresa ya injini ya petroli inanguruma, mipira imetambaa chini, tairi kuukuu limesimamishwa njiani kuwa bango. Nilimwomba kijana mmoja anipimie upepo. Kabla ya kugusa valvu alizunguka nyuma ya gari, akainama.

"Kaka, hii moshi inatolea wapi?"

Haitoi. Ni Nissan Leaf, mtumba wa Japani, betri ya kWh 40, na ilikuwa imelala ikichaji kwenye soketi ya gesti. Nilikwenda kwake asubuhi na mapema makusudi, matairi yakiwa baridi. Anayewasili kutoka Morogoro, baada ya kilomita kama 50 za ndani ya hifadhi na matuta yake, hufika na matairi ya moto, na geji humsomea psi 3 au 4 zaidi ya ukweli.

Kibandiko kwenye nguzo ya mlango wa dereva kinasema 250 kPa, yaani psi 36. Kijana akaguna. "IST naziwekaga thelathini tu." Lakini IST ina tani moja hivi; hii inakaribia tani moja na nusu, na betri imelazwa chini ya sakafu. Tairi lililolegea hujibonyeza kila linapozunguka, na nguvu inayopotea hapo inalipwa na betri. Mwenye petroli atafidia kwenye sheli inayofuata. Sheli yangu inayofuata ni soketi ya mtu, tena kwa usiku mzima.

Geji yake ilikuwa ya malori, tarakimu zikipita 150. Kwenye kioo kile 36 imebanwa pembeni, na unene wa mshale peke yake unafunika psi mbili. Akasema "iko poa". Geji yangu ndogo ya kalamu ikasema 32. Akaongeza, tukapima tena, ikafika.

Njia ya Kilosa inapita Ulaya (kijiji, hakuna viza), na nilipopita mimi kokoto na vumbi vilikuwa vingi. Wapo madereva wanaopunguza upepo kwenye njia kama hizo. Kwa gari hili siwaungi mkono: ni zito, ubavu wa tairi ni mfupi, shimo moja linaweza kupinda rimu. Isitoshe, halikuja na tairi la akiba, bali kopo la gundi na pampu ndogo.

Kilosa kazi ni ya bodaboda na baiskeli. Chini ya mwembe nilimkuta mzee na pampu ya mguu.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. La umeme hilo?"

Hakutafuta bomba la moshi. Tangu Julai 2024 treni ya SGR inapita Kilosa ikielekea Dodoma, na nyaya zake ziko juu pale kila mtu anaziona. "Tofauti ni kwamba treni haina pancha," akasema.

Geji yake ya pikipiki inaishia 60, na mistari inasomeka vizuri. Ikatoa 39. Alipotaka kupunguza nikamzuia: huo ni upepo uliotanuka kwa joto la safari, ukiutoa sasa jioni tairi litakuwa limelegea. Tukaliacha gari kivulini, tukazungumza mahindi. Lilipopoa kabisa tukapata 36 kwa yote, isipokuwa la nyuma kushoto, 35. Kulijazia hilo moja kwa mguu kulimtoa mzee jasho. Ila kwa kipimo, namwamini yeye kuliko duka zima la Mikumi.

Niliporudi Mikumi kijana alinikumbuka. Nikamlipa buku mbili, akazitazama, akalitazama gari. Oili halinunui, plagi halina, petroli halijui.

"Kaka, mkizidi kuwa wengi, upepo itabidi tuupandishe bei."