Jalada ndilo litembee

18 Novemba
Mama wa watoto watatu kafika ofisini saa sita mchana, ameanza mzunguko wa kuripoti ukatili tangu alfajiri. Mjumbe kamtuma kwa mtendaji, mtendaji kamtuma kituoni, kituoni kapewa PF3, fomu ya polisi ya kujazwa na daktari, aende hospitali, hospitali kaambiwa daktari yuko chumba cha upasuaji. Kote huko kasimulia upya, kituoni mbele ya watu waliokuja kuripoti simu zilizoibwa. PF3 ameifunga kwenye pindo la khanga pamoja na nauli. Imelowa jasho, wino wa muhuri umeanza kusambaa. Vituo vya mkono kwa mkono, ambako polisi, daktari na ustawi wa jamii wako chini ya paa moja, kwetu ni mpaka hospitali ya mkoa. Nimempigia afande wa Dawati la Jinsia na Watoto, naye akampigia muuguzi. Simu mbili tu. Kwa nini hazikupigwa asubuhi?

20 Novemba
Kikao cha kamati ya ulinzi wa wanawake na watoto ya kata. Kwenye karatasi tuko pamoja tangu MTAKUWWA ya kwanza, mpango wa taifa wa kutokomeza ukatili dhidi ya wanawake na watoto, ile ya 2017/18 hadi 2021/22: polisi, afya, ustawi, elimu, viongozi wa dini. Mzee mmoja kasema mume kumkanya mkewe ni mambo ya ndani. Nimemsomea kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa ya 1971: hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Akauliza, "Na mke akimpiga mume?" Mzee wangu, nikamwambia, kifungu ni hichohicho.

Tumekubaliana: mtendaji asimtume mtu bila kupiga simu kwanza, maelezo yaandikwe mara moja, chumba cha pembeni, hospitali iwe na muuguzi mmoja wa zamu anayejua utaratibu. Jalada ndilo litembee, mama akae.

24 Novemba
Mahakamani, kesi ya zamani. Daktari aliyejaza PF3 amehamishwa mkoa mwingine, wito haujamfikia. Imeahirishwa. Nje, mashemeji walikuwa wanamsubiri mlalamikaji na maneno yaleyale: tuyamalize nyumbani. Kila ahirisho linawaongezea muda wa kumbembeleza na kumtisha. Watu husema wanawake hufuta kesi. Wafike hapa waone anavyochoshwa mpaka afute.

25 Novemba
Uzinduzi wa Siku 16 za kupinga ukatili wa kijinsia. Maandamano, ngoma, hotuba. Fulana zimepatikana, nauli za mashahidi bado.

28 Novemba
Saa nne usiku mtendaji kapiga simu: mama kapigwa na mumewe. Gari la polisi halina mafuta. Afande kaenda kwa bodaboda na askari mwenzake, mume kakamatwa. Muuguzi kampokea mama, akashonwa kwanza, PF3 ikajazwa usiku uleule. Kasimulia mara moja. Ila hatuna nyumba salama wilayani, kwa hiyo kalazwa wodini na mtoto wa kunyonya, kwenye kitanda cha mgonjwa.

29 Novemba
Ajenda za kikao kijacho: mahali pa kulala, afande aombe dhamana iwe na sharti la mume kutomsogelea mkewe. Na mume akitoka, nani anampa mama taarifa kabla huyo hajafika nyumbani? Hakuna aliyepangiwa. Nimejiandika mimi, mpaka kamati ipange mtu.