Mwandiko mmoja kwenye madaftari mawili

Najua nimepotea. Nilikuwa TP Bagamoyo, wiki nane, nimerudi chuo juzi na gari la Makumbusho, na samaki wa kukaanga niliokuja nao wenzangu chumbani wamewamaliza kabla sijavua viatu. Stori za ngalawa na upepo wa pwani nitawapa siku nyingine. Leo nataka kuwaambia jambo lililonitia aibu.

Nilipewa kidato cha pili, Historia na Kiswahili. Kulikuwa na binti anakaa nyuma kabisa, karibu na dirisha, na kila siku anachelewa. Si dakika tano jamani, kipindi kizima! Na mimi mnanijua, nilitaka waone madam ana msimamo. Asubuhi moja nikamkuta ndiyo anaingia getini, saa mbili na nusu. Sikumuuliza kitu. Nikamwambia aokote makaratasi uwanja mzima. Akasema "Sawa madam", akaweka begi chini, akaanza.

Mimi huku darasani nafundisha misafara ya biashara, jinsi wapagazi walivyobeba pembe za ndovu kwa miguu kutoka Ujiji na Tabora mpaka hapa hapa Bagamoyo. Yeye namwona dirishani anainama, anainuka. Nikajiona mwalimu kwelikweli.

Ijumaa nikakusanya madaftari nisahihishe. La kwake lina somo lile lote! Kichwa cha somo kimepigiwa mstari mwekundu, hakuna kilichorukwa. Nikafungua la jirani yake wa dawati, mwandiko ule ule. Nikasema leo nimewakamata. Nikamwita jirani ofisini, nimekunja uso, nikamuuliza kwa nini anamwandikia mwenzake.

Akatazama chini muda mrefu, halafu akasema, "Ana mtoto, madam. Asubuhi anamsubiri bibi yake arudi mnadani kwenye samaki ndiyo amwachie. Mapumziko anakimbia nyumbani kunyonyesha. Hapati muda wa kuandika."

Wadau, nilikosa pa kuangalia.

Mnakumbuka Juni 2017, Rais Magufuli akiwa huku huku Mkoa wa Pwani alisema mwanafunzi akishapata mimba asirudi tena shule ya serikali. Novemba 2021 ndiyo Waziri wa Elimu wa wakati ule, Profesa Ndalichako, akatangaza kwamba wanaruhusiwa kurudi baada ya kujifungua. Na ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne ilishafutwa tangu Januari 2016. Tumeyajadili sana haya kwenye semina, mimi mwenyewe nimeyaandikia insha nikapata maksi nzuri tu. Kumbe binti wa kwenye ule waraka alikuwa mbele yangu, na mimi nimemtoa nje akaokote makaratasi!

Nilipoanza kuangalia vizuri, nikaona shule nzima inajua isipokuwa mimi. Mama wa maandazi pale getini anamwekea mawili pembeni, anayachukua akirudi mbio na kengele imeshagonga. Mwalimu mmoja wa Hisabati, mtu mzima, mkali kama pilipili, dakika tano za mwisho anarudia mfano wa kwanza ubaoni, eti "kwa waliosinzia". Hamtazami mtu. Wavulana waliokuwa wanamwita "mama fulani" waliacha, kwa sababu kiongozi wa darasa aliwaambia yeye mwenyewe mama yake alimzaa akiwa shule. Hakuna aliyetangaza mstarini, hakuna aliyepiga picha. Wangetangaza, nadhani binti angeacha shule kesho yake.

Ndipo nikaelewa. Waraka unafungua geti, lakini haumwandikii mtu notisi. Kinachomfanya arudi tena Jumatatu ni peni ya jirani yake.

Nilimfuata nikamwambia, "Mdogo wangu, nisamehe, nilikosea." Akashtuka, nadhani hajawahi kuombwa msamaha na mwalimu. Akasema, "Hamna neno madam." Nikamwomba mwalimu wa taaluma tubadilishane vipindi, Historia ikatoka asubuhi ikaenda baada ya mapumziko. Ni hilo tu nililofanya, na lilinichukua dakika kumi. Jirani yake nikamnunulia peni mbili, nikamwambia ni za kuandika vizuri, basi.

Sasa msije mkadhani mambo yameisha vizuri. Mpaka naondoka binti alikuwa bado anachelewa, na mtihani wa taifa wa kidato cha pili ni Novemba. Akifaulu nitasikia, niliacha namba yangu kwa mwalimu wa Hisabati.

Mnaokwenda TP mwakani, nawaomba kitu kimoja. Kabla hujamtoa mtoto nje, muulize, tena pembeni, si mbele ya wenzake. Na ukiona mwanafunzi anamsaidia mwenzake, usikimbilie kusema umewakamata. Waswahili wanasema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Yule aliyekuwa anaandika madaftari mawili, mwenyewe viatu vyake vilikuwa vimetoboka.

Haya, naenda kupanga foleni ya chakula kabla maharage hayajaisha. Niandikieni, na nyie TP zenu zilikuwaje?